Wimbo wa Autumn Leaves kwenye piano: kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nimezikariri zote ila haisikiki kama jazi

kidole_kizito
Wakuu habari. Nina mwaka na kitu kwenye piano, sasa nimeamua kujifunza Autumn Leaves maana kila mtu anasema ndo ya kuanzia. Karatasi yangu ina melodi na majina ya kodi tu, kii (ufunguo) ya G maina: Cm7, F7, Bbmaj7, Ebmaj7, Am7b5, D7, Gm. Nimezikariri. Shida mkono wa kushoto unaruka huku na huku, kila kodi naishika noti zote nne kuanzia chini, inasikika kama mtu anashuka ngazi na mabuti. Halafu nikimsikiliza mpiga piano Bill Evans alivyoipiga 1959 hata siamini ni wimbo huohuo. Nibadilishe wimbo au?

noti_mbili
Usibadilishe kitu mkuu, punguza noti. Melodi iache kwanza siku tatu nne. Cm7 piga C kushoto peke yake, kulia Eb na Bb (b ni kushuka nusu toni, yaani kitufe kimoja jirani, # ni kupanda), basi, hiyo G iliyobaki haina anayeidai. Ukienda F7 kushoto inahamia F, kulia Eb inabaki palepale na Bb inashuka nusu toni inakuwa A. Bbmaj7, A inabaki, Eb inashuka D. Ebmaj7, D inabaki, A inashuka G. Umeona mchezo? Mmoja anakaa mwingine anashuka, wanapokezana hivyo hivyo, Am7b5 ni G na C, D7 ni C na F#, mpaka ufike Gm ndo wanashuka wote wawili, F na Bb. Hizo ni noti ya tatu na ya saba ya kila kodi, ndo zinazoliambia sikio hii ni meja (sauti ya furaha) au maina (ya huzuni). Zikikaa mkononi unazihamishia kushoto, kulia inabaki na melodi. Ile C ya chini mwachie mpiga besi.

besi_iko_wapi
Hapo mwisho sikubaliani. Jamaa anapiga peke yake, huyo mpiga besi anatoka wapi? Kushoto shika noti mbili tu, C na Bb, halafu F na A, halafu Bb na A, Eb na G, A na G, D na F#, G na F. Mpiga piano Bud Powell alikuwa anapiga hivi sana mkono wa kushoto. Ila usizipeleke chini sana, zinakorogana.

noti_mbili
Sawa, akiwa peke yake hiyo nakupa.

dada_swingi
Mnaongelea kodi tuuu wakati mabuti yake yako kwenye mapigo 😂 Ndugu, metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) weka 50 kwa dakika halafu mlio mmoja uhesabu kama pigo la pili, unaofuata la nne, sio la kwanza. Siku ya kwanza utapotea, kila mtu anapotea. Melodi yenyewe inaanza pigo la pili, G A Bb, ndo inatua Eb juu ya Cm7, sasa wewe nahisi unaianzia pigo la kwanza. Na iimbe kabla hujaipiga, hata kwa la la la, pumzi ikikata ndo vidole vinyamaze. Msikilize mpiga tarumbeta Miles Davis kwenye ile rekodi ya mpiga saksofoni Cannonball Adderley ya 1958, anavyoacha nafasi.

kidole_kizito
Nimerudi baada ya wiki mbili. Dada ni kweli nilikuwa naianzia moja, nimeona aibu. Noti mbili kushoto zimekubali, na pale katikati ya wimbo nimegundua ni kodi zilezile, zile za kwenda Gm zimetangulia tu. Nakwama karibu na mwisho, kila mapigo manne zinaingia kodi mbili, Gm7 C7 Fm7 Bb7, vidole havifiki. Na video nyingine wanapiga Gb7 pale penye C7, ipi sahihi?

noti_mbili
Zote. Tafuta ya tatu na ya saba ya C7, ni E na Bb. Sasa tafuta za Gb7. Ni Bb na E. Vidole haviendi popote mkuu, besi tu ndo inahama, ukichukua Gb7 inashuka nusu toni kutoka G, F inafuata, halafu badala ya Bb7 weka E7 inatua Eb. Huruki tena.

kidole_kizito
Aisee. Ngoja nikajaribu.