Nataka kazi ya kontroli kwenye roketi, chuoni tumesoma karatasi tu

Bode_wa_Moro: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza uhandisi wa umeme mwaka huu na ndoto yangu ni kufanya kazi kwenye mifumo ya kuongoza roketi. Chuoni tumechora grafu za Bode (za kuonyesha mfumo unavyoitikia masafa tofauti) mpaka vidole vinauma, PID (hesabu ya kusahihisha kosa la mfumo) naipanga vizuri kabisa, ila mota yenyewe nimeigusa mara mbili tu tena tukiwa watu kumi meza moja. Juzi kwenye usaili nikaulizwa sensa ikileta data ya uongo roketi ikiwa hewani programu yangu itafanyaje, nikakosa jibu. Nikasome masters au nianzie wapi?

FundiJairo: Dogo pole, ila walichokuuliza ndiyo kazi yenyewe. Isome ajali ya roketi ya Ulaya, Ariane 5, ya tarehe 4 Juni 1996 kule Kourou, Guyana ya Ufaransa, ripoti iko wazi mtandaoni. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilitolewa kwenye Ariane 4 ikawekwa vilevile, roketi mpya ikawa na mwendo mkubwa zaidi wa mlalo, namba ya mwendo huo ikagoma kuingia kwenye nafasi ya biti 16 na kifaa kikazima. Cha akiba kilikuwa kimeshazima muda mfupi kabla maana programu ni ileile! Kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu ikauchukulia ni data ya safari, ikapinda nozeli (midomo ya kutolea moto) mpaka mwisho, roketi ikavunjika haijamaliza hata dakika moja. Hapo PID yako ingekuwa nzuri kiasi gani isingesaidia. Masters sawa, ila kwanza jenga kitu kianguke mbele ya macho yako.

Mama_Maabara: Naunga mkono. Mimi nasimamia maabara ya wanafunzi na kitu cha kwanza nawafanyisha, kabla hujawasha chochote shika fremu, iinamishe kulia kwa mkono, tazama servo (mota ndogo ya kugeuza) inakimbilia upande gani. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuwa na hesabu safi kabisa ila aliibandika sensa kichwa chini, fimbo aliyotaka servo iisimamishe wima ikawa inajisukuma yenyewe kuanguka. Usidhani ni makosa ya watoto, Novemba 2020 roketi ya Vega ilipoteza satelaiti mbili kwa sababu nyaya za kugeuza nozeli ya hatua ya mwisho zilifungwa kinyume.

Bode_wa_Moro: Asante sana mama. Nina servo mbili na sensa ya kupima mwinamo ya MPU6050, zinatosha?

FundiJairo: Zinatosha. Simamisha fimbo, ikitulia ongeza ucheleweshaji wa milisekunde 50 kwenye programu uone inavyoanza kuyumba. Halafu funga juu chupa yenye maji nusu, yale maji yanavyocheza ndivyo ilivyocheza oksijeni ya kimiminika tangini kwenye safari ya pili ya roketi ya Falcon 1 ya SpaceX, Machi 2007, ikashindwa kuongozwa. Na ujue mapema kwamba Marekani kuna sheria ya ITAR (ya kudhibiti teknolojia ya kijeshi), bila uraia au green card kampuni zao za roketi ni ngumu sana kukuchukua, kwa hiyo tupia macho Ulaya pia, na hapo jirani Kenya wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wana mradi wao wa roketi unaitwa Nakuja.

Mama_Maabara: Na sensa ichomoe waya fimbo ikiwa imesimama, rekodi kila kitu kwenye memori kadi. Ukirudi hapa tuletee grafu ya pembe na ya amri ya servo kwenye mstari mmoja wa muda, tutaisoma pamoja.