UPS ya kilo 60 kwenye raki, Chake Chake

Asalaam alaykum. Raki (fremu ya chuma ya kufungia vyombo vya mtandao) ni ya 42U, yaani nafasi 42 za kimo, sakafu ya saruji. Nina UPS (chombo cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya kilo 60 na swichi mbili za mtandao. Nianze na kipi?

— Waalaykum salaam. Kwanza funga raki sakafuni kwa bolti, maana ukivuta chombo kizito nje bila hivyo itakulalia. UPS iwe chini kabisa, juu ya reli zinazoshika nguzo zote nne. Masikio ya mbele (vipande vya kufungia pembeni mwa chombo) peke yake yatapinda. Toeni betri, ndiyo mnyanyue, watu wawili.

— Hesabu matundu ya nguzo: 1U, nafasi moja, ni matundu matatu, kimo cha milimita 44.45. Nati zikipishana tundu moja kushoto na kulia, reli inakaa mshazari. Skrubu zote ziingie kwanza, kukaza baadaye.

— Kwa chumvi ya pwani, skrubu za chuma cha pua. Waya wa ethi uguse chuma kitupu, si rangi.