Bei ya mtumishi kwenye hoteli za Kigoma: nani anastahili, na nani anailipia?

Mtoa mada

Mwakeye ndugu zangu. Kuna jambo watu wanalinong'ona mapokezi na kuliacha palepale, naomba tulijadili wazi. Baadhi ya hoteli na lodji za hapa Kigoma Mjini zina bei ya chini kwa mtumishi wa Serikali. Chumba cha 60,000 kinashuka hadi 45,000 ukionyesha kitambulisho cha kazi. Hakuna anayeuliza kama umekuja kikazi au umekuja harusini.

Msimamo wangu nautoa mapema: punguzo hili kwa namna linavyotolewa sasa halina haki. Sina ugomvi na watumishi, na ndugu zangu wengi ni watumishi. Ila mtumishi aliye safarini kikazi ameshalipiwa malazi. Julai 2022 Serikali ilipandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani: kima cha juu kikatoka shilingi 120,000 kwa siku hadi 250,000, na cha chini kikatoka 80,000 hadi 100,000. Fedha hiyo anakabidhiwa yeye. Alale hoteli ya ghorofa au alale kwa shangazi yake Ujiji, harudishi chenji. Hoteli ikimpunguzia 15,000, Hazina haiokoi hata senti moja. Zinabaki mfukoni mwake.

Sasa mtazame mama aliyetoka Kakonko, zaidi ya kilomita 200, kumuuguza mwanawe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Hana posho. Nauli amekopa kwenye kikoba. Akifika mapokezi analipa bei kamili, tena kwa chumba cha ukubwa uleule.

Maswali yangu kwenu ni haya. Bei ya mtumishi ni ya nani hasa? Mwajiriwa wa kudumu peke yake, au na wa mkataba? Askari je? Mtu wa shirika la umma? Mstaafu? Na huyo aliyeko likizo anapunguziwa kwa kazi gani?

Mhasibu wa Kasulu

Mkuu, umeisoma posho kwenye waraka. Njoo uisome kwenye akaunti. Mtu anapangiwa safari ya siku kumi, anaambiwa OC, yaani fedha ya matumizi ya ofisi, haijaingia, analipwa siku sita, zilizobaki ataandika madai. Madai yanakaa. Nimeyaandika ya wenzangu kwa miaka na najua yanavyokaa.

Halafu kuna kundi umelisahau kabisa. Mwalimu wa Kibondo anayekuja mjini kufuatilia kupanda daraja au makato yasiyoeleweka kwenye mshahara wake hana kibali cha safari, hana masurufu. Anakuja kwa fedha zake kutafuta haki yake. Analala usiku mmoja au mbili kwa sababu afisa anayemhitaji yuko kikaoni. Huyo ukimnyima punguzo kwa kuwa "hakuja kikazi," umemwonea mara mbili.

Mtoa mada

Mhasibu, hoja ya mwalimu naikubali na inaniuma. Ila huo ni mzigo wa mwajiri wake. Kwa nini aubebe mwenye lodji ya Mwanga, na nyuma yake yule mama wa Kakonko anayelipa bei kamili ili hesabu ya mwezi ikae sawa?

Dada wa Mapokezi

Mimi nakaa kaunta, niwaeleze yanavyokuwa.

Mwenye hoteli hatoi punguzo kwa upendo. Katikati ya wiki vyumba viko vitupu, na watumishi ndio wanaosafiri Jumatatu hadi Alhamisi. Ukimvuta mmoja leo, kesho analeta semina ya watu thelathini, na semina ina ukumbi, chai na chakula cha mchana. Ni biashara halali kabisa, sioni kosa hapo.

Kazi ngumu ni kuamua nani ni mtumishi. Anakuja wa halmashauri, sawa. Anakuja askari, sawa. Anakuja dereva wa kampuni inayojenga barabara, anasema "kazi ni ya Serikali, mimi pia ni Serikali." Anakuja mtu wa shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anakuja kijana wa mradi, kitambulisho kimeisha muda. Anakuja mke wa mtumishi na kitambulisho cha mumewe. Meneja hajaandika popote nani anaingia na nani haingii, ila nikikosea nakatwa mimi. Wengine wananiambia "andika cheki namba yangu," yaani namba yao ya malipo ya mshahara, kama vile mimi naweza kuihakiki pale kaunta.

Na kuna moja baya zaidi. Wapo wanaolipa 45,000 halafu wanaomba risiti ya 60,000. Hao mara nyingi ni wa mashirika na miradi, wanaorudishiwa fedha kwa risiti. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, si karatasi ya kuandika unachotaka. Nikiingiza 60,000, mwajiri wangu anakuja kulipa VAT ya asilimia 18 juu ya fedha ambayo hakuipata, na mimi nimeshuhudia uongo kwa jina langu. Nikikataa naambiwa sina huduma kwa wateja.

Mwana wa Gungu, ughaibuni

Niongeze kitu kutoka Marekani ninakofanya kazi, maana huku jambo hili lina miaka mingi na mpangilio wake unaeleweka.

Kuna taasisi ya serikali kuu yao, General Services Administration, watu wanaiita GSA. Kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba, inatangaza kikomo cha fedha ya malazi kwa kila eneo. Wanachukua wastani wa bei za vyumba za eneo hilo, wanaondoa asilimia 5. Maeneo ambayo hayakutajwa moja moja yana kiwango cha jumla. Mwaka wa fedha 2025 kilikuwa dola 110 kwa usiku kabla ya kodi. Hoteli inayotaka wageni wa serikali inashusha bei hadi kwenye kikomo hicho. Hailazimishwi na sheria, inaamua yenyewe, na inaamua yenyewe pia nani imkubali. Nyingi zinataka kitambulisho, baadhi zinataka barua ya safari. Mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na serikali anaweza kukubaliwa hoteli hii na kukataliwa ya jirani.

Lakini sikilizeni tofauti, ndiyo kiini. Huku mtumishi anarudishiwa kiasi alicholipa kwa chumba, kwa risiti, kisichozidi kikomo. Chumba kikiwa dola 90 anarudishiwa 90. Fedha ya chakula ndiyo anapewa kwa kiwango bila kuhesabiwa kila sahani. Kwa hiyo bei ya chini ya chumba inaiokoa serikali, yeye haongezi kitu mfukoni. Nyumbani tumechukua punguzo na kuliweka juu ya posho ya mkupuo, na hapo faida imehama kutoka kwa umma kwenda kwa mtu.

Mhasibu wa Kasulu

Asante, hilo umelieleza vizuri. Lakini usisahau kwamba posho ya mkupuo ina sababu. Ukimwambia afisa kilimo aliyelala kijijini Uvinza alete risiti, ataitoa wapi? Mkupuo unapunguza makaratasi na unapunguza risiti za kughushi. Dada wa Mapokezi ametoka kutuonyesha risiti zinavyochezewa.

Mzee wa Ujiji

Vijana, mmezungumza yote isipokuwa lile linalotuumiza sisi wenye gesti ndogo. Mimi nina vyumba vichache, naishi kwa hivyo. Watu wanaokuja kwangu na kitambulisho mkononi, wengine ndio wanaonikagua. Afisa afya anaangalia vyoo na mashuka. Wa zimamoto anaangalia mitungi ya kuzimia moto. Wa biashara anaangalia leseni. Wa mapato anaangalia daftari la wageni na ushuru.

Mtu wa namna hiyo akisimama kaunta akasema "mtumishi mimi, bei yangu?", mimi namjibu nini? Naweza kukataa kisheria, naweza. Lakini wiki ijayo atarudi na fomu yake. Kwa hiyo nampunguzia, tena zaidi ya wengine, na wala hajanitishia. Heshima ya kitambulisho imetosha. Na akija kukagua, macho yake yatakuwa mapole, hata kama mtungi wangu umeisha muda. Aliyelala chumba cha pili hajui kwamba usalama wake umepunguzwa pamoja na bei.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ipo tangu 1995 na TAKUKURU wana ofisi mkoani. Wote wanahubiri kuhusu zawadi na takrima. Mimi nauliza, 20,000 niliyomwachia mkaguzi inatofautianaje na 20,000 ambayo ningemtia mkononi kwenye bahasha? Ninachotaka ni kitu kimoja: mwenye mamlaka ya kunikagua asiombe na asipewe bei ya mtumishi kwenye nyumba anayoikagua. Alipe kama watu wote, mimi nipumue.

Nesi wa Buhigwe

Shikamoo mzee. Hoja yako naiunga mkono bila masharti.

Ila wengine mnatuweka wote kapu moja. Sisi tunasindikiza wagonjwa usiku hadi Maweni, gari linarudi alfajiri au halirudi, unabaki mjini na sare yenye damu. Siku hiyo hujui kama posho itatoka mwisho wa mwezi au mwezi mwingine. Kuna lodji karibu na stesheni ilinipa chumba kwa nusu bei kwa sababu ya sare tu. Sitakubali mtu aite hiyo rushwa.

Mtoa mada

Dada, wala mimi siiti hivyo. Uliyopewa ni fadhila kwa mtu aliyetoka kazini usiku, na mwenye nyumba ana uhuru wa kuitoa. Ninachopinga ni fadhila kugeuka stahili ya kila mwenye kitambulisho.

Baada ya kuwasoma wote, pendekezo langu liko hivi. Punguzo lifuate safari. Mtu aje na kibali cha safari chenye tarehe, na hoteli ibandike ukutani masharti yake: wa kudumu, wa mkataba, askari, shirika la umma, wote wanaingia maadamu wako kazini kwa tarehe hizo. Likizo na harusi, hapana. Wafanyakazi wa makandarasi, hapana, maana malazi yao yamo ndani ya bei ya zabuni. Mkaguzi wa nyumba hiyo, hapana. Na pale taasisi inapoleta kundi la watu, ilipe yenyewe moja kwa moja kwa bei iliyokubaliwa kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi mtandaoni, na siku hizo wahusika wasilipwe sehemu ya malazi. Hapo punguzo litaonekana kwenye vitabu vya Serikali.

Kwa mwalimu wa Kibondo na mama wa Kakonko naomba sharti tofauti: barua ya ofisi iliyomwita au karatasi ya rufaa ya mgonjwa itoshe kupata bei ileile. Anayestahili kwanza ni asiyelipiwa na mtu.

Dada wa Mapokezi

Karatasi ya rufaa naiunga mkono, na ni rahisi kwangu kuliko cheki namba, kwa kuwa ina jina, tarehe na mhuri. Nitampelekea meneja. Kibali cha safari nacho sawa. Ila mkiyaweka masharti, yaandikwe kwa jina la hoteli, yasiwe ya mdomo, ili mtu akinifokea nimwonyeshe ukutani.

Mzee wa Ujiji

Hapo kwenye taasisi kulipa moja kwa moja, mtoa mada, umetuua sisi wadogo. Hoteli kubwa zitajisajili NeST, zitapata semina zote. Mimi nitaachiwa wapita njia. Na wanaolipa moja kwa moja wanalipa lini? Wazabuni wanaoidai Serikali wapo kila mkoa. Mgeni mwenye posho mfukoni ananilipa kabla hajavua viatu. Taasisi itanilipa baada ya bajeti nyingine kusomwa, na umeme wa LUKU haunisubiri.

Mtoa mada

Mzee, hapo umenibana kweli. Basi malipo ya moja kwa moja yawe kwa makundi makubwa peke yake, na kwa sharti la kulipa kabla kundi halijaondoka. Safari za mtu mmoja mmoja zibaki kwa posho, na huyo mtu alipe bei ya kawaida ya nyumba.

Mhasibu wa Kasulu

Mtu mmoja mmoja alipe bei ya kawaida? Mbona umetoka kusema kibali cha safari kitoshe kupata punguzo? Chagua moja. Mimi nasema kibali kitoshe kwa wale wa kima cha chini, na mwenye kima cha juu alipe kamili. Fikiria dereva. Anampeleka bosi wake Kibondo na kurudi, bosi analipwa 250,000, yeye kiwango cha chini kabisa. Mapokezi wote wanapunguziwa 15,000 ileile. Dereva analala ndani ya gari kule nyuma ya hoteli ili abaki na kitu cha kupeleka nyumbani, kesho asubuhi anashika usukani akiwa hajalala.

Mtoa mada

Kwa kima cha chini nakubali, na kibali kionyeshe cheo. Kwa kima cha juu sibadiliki: alipe kamili. Madereva mnaosoma, tunaomba mseme wenyewe: mkipewa chumba kwa 30,000, mtalala ndani?