Naomba ushauri, napeleka vijana wa kanisa Makete

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mi ni mlezi wa vijana kanisani kwetu hapa Mbeya, mwezi wa saba tunaenda Makete siku nne kuwasaidia wazee wanaoishi wenyewe, kupasua kuni, kuziba mapaa yanayovuja. Ndo mara yangu ya kwanza kuongoza na usingizi sipati kabisa. Tunapita Kitulo, na baridi ya kule mwezi wa saba mnaijua, asubuhi majani meupe kwa barafu, sasa kuna vijana hata sweta zito hawana na tutalala darasani.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni wale tisa chini ya miaka 18, barua ya mzazi inatosha au nipite nyumba kwa nyumba? Na unga na maharage tubebe huku? Sitaki wazee watuchinjie kuku wao.