Tupeane uzoefu: Ulishawahi kwenda uwanjani siku rais anaapishwa? Yalikukuta yapi?

Mtoto wa Tandika:
Wakuu habari za jioni. Jana napanga kabati nikakuta kibendera cha karatasi ndani ya koti la zamani, kijiti kimeshavunjika, nikakaa chini nikacheka peke yangu. Ni cha tarehe 5 Novemba 2015, Shamba la Bibi (Uwanja wa Uhuru, Dar), siku Magufuli anaapishwa. Tulitoka home saa 10 usiku kwa miguu, mi na bro na washkaji watatu, tukasema tukiwahi tutapata jukwaa lenye kivuli. Kivuli kipi, kufika foleni imeshazunguka ukuta. Naingia ndani jua limeshachomoza, nikaangukia nyuma ya mzee mmoja mrefu ana mwamvuli mweusi na kila akiambiwa aushushe anasema ana presha. Kiapo nimekisikia kwenye spika, macho yanaangalia mwamvuli. Nyumbani wakaniuliza umemuona? Nikasema nimemuona kabisa, yani kama hapa na pale. Leo ndo natubu. Haya tupieni na nyie.

Kidagaa:
Mwamvuli 😂😂 mi niliona kisogo cha mtu masaa matano.

Mama Wawili:
Mimi nilienda na mwanangu wa miaka sita sababu dada wa kazi alikuwa amesafiri. Mizinga ilipoanza kulia mtoto akajua ni vita, akanipanda mpaka shingoni akang'ang'ania mtandio, nusu aninyonge, na watu nyuma wanafoka "mama shusha mtoto hatuoni". Nashushaje mtu ameshika koo langu? Hadi leo fataki za harusi zikilia anaingia chini ya meza na sasa hivi ana ndevu.

Baba Jose:
Ndo tatizo la kupeleka watoto sehemu zisizowahusu.

Mama Wawili:
Nchi haimhusu? Baba Jose nenda kalale.

Miguu Pande:
Mi huwa nasoma tu humu, sichangiagi, ila hiyo mizinga imenigusa. Nyie mlikuwa jukwaani, mimi nilikuwa kwenye nyasi. Kwenye gwaride. Nisiseme kikosi wala mwaka. Mazoezi tulikuwa tumepiga siku nyingi, kila kitu kipo kichwani, ukiniamsha usingizini nageuka kulia. Siku yenyewe tumeamshwa saa 8 usiku, chai ya rangi na mihogo, wenzangu wanakunywa mi nasema hapana, maana hofu yangu ilikuwa moja tu, mkojo. Ukibanwa pale unamwambia nani? Kwahiyo toka jana yake jioni sijagusa maji. Kosa la kwanza hilo. La pili buti, langu lilikuwa limeachia soli nikaazima la jamaa, yeye namba nane mimi tisa.

Tukasimama. Wageni wanaingia, marais wa jirani wanaingia, kila akiingia watu wanashangilia na sisi tupo tu, ukisikia "mguu sawa" basi ndo umepata burudani. Mi nilikuwa mstari wa nyuma, kiongozi simuoni, nchi nzima naiona kwenye shingo ya aliyenitangulia, ana kovu kama jani la mkunde, jasho linatoka kwenye nywele linapita pale linaingia kwenye kola. Nikaanza kuhesabu matone. Baadae sauti ya spika ikawa inatoka mbali kama redio ya jirani. Nikajua hii siyo hali nzuri. Mizinga ikaanza, nikajiambia kaza, ni 21 tu halafu basi. Moja, mbili, tatu... Ya tisa naikumbuka. Ya kumi siijui.

Nimeshtuka nipo kwenye machela, viatu vimetolewa, soksi ina tundu na kidole kiko nje, neno la kwanza nililotamka "ngapi hiyo?" Daktari akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Ila kilichoniuma sio hicho. Kijijini bi mkubwa alikuwa anaangalia kwa jirani, nyumba nzima imejaa, amewatangazia mwanangu yupo pale mtamuona. Kamera ikapita, wakaona mtu anaenda chini. Mama akasema "maskini, mtoto wa watu". Alinisimulia mwenyewe na huruma yote, tena akaniuliza yule kijana alipona? Nikamwambia alipona mama.

Sijamwambia mpaka leo.

Kidagaa:
Daah. Mtoto wa watu 💔

Shemeji wa Wote:
Nimecheka halafu nimenyamaza.

Chai Maziwa:
Hii chai jamani, tena ya tangawizi. Gwarideni ukianguka unaachwa hapo hapo mpaka shughuli iishe, hakuna machela.

Mstaafu:
Chai Maziwa umewahi kusimama wapi, foleni ya luku? Watu wa machela wanakuwepo pembeni. Kijana hajadanganya. Kosa lake ni kunyoosha magoti. Unalegeza magoti kidogo, mtu asione, unachezesha vidole ndani ya buti, damu inapanda. Na maji unakunywa, jasho linayamaliza.

Kidagaa:
Mjomba angu alikuwa anatuambia ulambe chumvi.

Mstaafu:
Chumvi upate kiu ufe vizuri.

Miguu Pande:
Mzee na wewe unaongea vidole, buti ilikuwa namba nane, vidole vichezee wapi?

Wa Kenya Mpole:
Majirani nyinyi mnalia na mnakaa kwa viti. Mimi nilikuwa Uhuru Park 30 Desemba 2002. Hakuna tiketi hakuna kiti, ni watu tu mpaka huoni nyasi. Nikapanda mti na vijana wengine kama kumi. Kibaki analetwa kwa wilichea, mguu uko na plasta juu ya ile ajali ya gari mwanzo wa mwezi, na Moi amekaa pale baada ya miaka 24. Wengine walikuwa wanarusha matope. Niliona kila kitu. Shida ni kushuka, chini watu wamejaa hakuna mahali pa kukanyaga, nikakaa huko juu mpaka jioni nikiomba Mungu tawi lisikatike. Kiatu kimoja kilianguka na sijawahi kukiona tena. Na rais wetu hupewa upanga na katiba, nyinyi mkuki na ngao ni za kuwinda nini?

Chai Maziwa:
Mkuki na ngao wanakabidhi wazee, ndo ulinzi wa nchi huo. Upanga ni wa Mwingereza.

Wa Kenya Mpole:
Na gwaride yenu ni ya nani? Si ya huyo huyo?

Shemeji wa Wote:
Amekushika hapo 😂 ila Kenya wana kitu kimoja, sheria yao inasema kiapo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kwahiyo mtu anajua. Sisi tunatoka saa 10 usiku kuwahi nini jamani?

Mtoto wa Tandika:
Kivuli.

Bint Saloon:
Mimi uwanjani sijawahi ila 19 Machi 2021 nilikuwa saluni nasuka, Mama Samia anaapa Ikulu, siku mbili tu tangu tangazo la msiba wa Magufuli. TV imewashwa, watu kama nane, alivyomaliza hakuna aliyejua tupige makofi au tulie. Msusi akashika nywele zangu hivi bila kusuka kama dakika tatu.

Mama Wawili:
Na tarehe 21 hapo hapo Shamba la Bibi watu 45 wakafa kwenye msongamano wa kuaga mwili. Mi nilikuwa nimeshavaa, mtoto akaamka na homa nikabaki. Tangu hapo foleni ya uwanja sisimami, hata iwe mpira.

Baba Jose:
Hapo nakuunga mkono mama. Mungu awapumzishe.

Kibuyu:
Na ile ya Novemba 2025 kuna mtu alienda?

Chai Maziwa:
Aende wapi, raia hawakuingia.

Mstaafu:
Na intaneti ilikuwa imezimwa. Tuendelee na mada vijana.

Mama wa Kimara:
Ushauri kwa mwaka 2030: raba, kanga ya kujifunika jua, usinywe maji mengi.

Mstaafu:
UNYWE MAJI. Mnasoma kweli?

Mama wa Kimara:
Na choo je mzee, umekitafuta ukiwa na watu elfu sita mbele yako?

Kidagaa:
Miguu Pande mwambie mama bana, ameshazeeka.

Miguu Pande:
Nilijaribu Krismasi. Nikasema mama unamkumbuka yule kijana aliyeanguka? Akasema nimemuombea siku nyingi, lakini mama yake alimlisha nini huyo mtoto. Nikaomba chumvi tukaendelea kula.