DenStream imeniweka macho mpaka asubuhi, makundi 0!

Wakuu, sijalala na nina hasira, mnivumilie.

Ofisini nimepewa kazi: miamala ya mawakala inaingia mfululizo, ipangwe kwenye makundi papo hapo, tabia mpya ikichipuka tuione. Kusubiri usiku tupige k-means (njia ya kawaida ya kugawa data makundi) kwenye faili zima bosi kakataa, na hapo simlaumu, maana tarehe 28 mishahara ikitoka si sawa na tarehe 15. Nikachukua DenStream, algoridhimu ya mwaka 2006 ya kupanga makundi data inayotiririka. Kwenye makala ya walioitunga ni tamu: haitunzi miamala yote, inashika muhtasari wa vikundi vidogo tu, na uzito wa kila muamala unafifia muda ukienda. Kundi lililokufa linajifuta.

Nikaweka vigezo vya waandishi wenyewe, lamda 0.25 (kasi ya uzito kufifia), miu 10 (uzito wa chini wa kuhesabika kundi). Saa nane usiku nakodolea skrini: miamala laki tatu imepita, makundi 0. Nazima, nawasha, nahamia seva nyingine. 0!

Kumbe zana niliyopakua inahesabu kila muamala kuwa mpigo mmoja wa muda. Kwa lamda 0.25 uzito unapungua nusu kila baada ya mipigo 4. Shika kalamu ujumlishe: hata miamala yote irundikane sehemu moja, uzito haufiki 6.3. Na miu inadai 10! Waandishi wa makala walipitisha rekodi 1,000 kwa mpigo, jambo ambalo mwenye zana hakuliandika popote. Maelezo yake ni mistari miwili na picha ya nukta za rangirangi.

Halafu tunaonyeshwa grafu za usafi wa makundi (sehemu ya kundi iliyo ya aina moja) zaidi ya 90%. Usafi gani? Wengi wanapimia KDD 99, data ya mashambulizi ya mtandao. Lile faili la 10% lina rekodi 494,021, na 280,790 ni shambulio moja, smurf, zimefuatana misururu kwa misururu. Dirisha likiwa smurf tupu, hata ukigawa kwa kurusha shilingi usafi ni 100%. Mchele umeshachambuliwa dukani, anasifiwa mwenye ungo.

Na epsiloni je, ule umbali wa mwisho kutoka katikati ya kikundi kidogo? Data inabadilika, ndiyo sababu ya hizi algoridhimu kuwepo, ila umbali niutaje mwanzoni na ubaki huohuo mpaka kiama. Leo watu wanatuma elfu kumi, mkesha wa Idi laki mbili. Nitabashiri?

Aliyeiweka kazini kweli, si kwenye tasnifu, aje aseme lamda aliipima kwa saa ngapi. Wa "soma makala vizuri mkuu" apite tu.