Je, kutoipenda filamu inayosifiwa na wengi ni suala la ladha au la kutoelewa?

Mtazamaji wa Nakuru

Wanajukwaa, salamu. Hapa Nakuru tuna kikundi kidogo cha wapenzi wa filamu za bunilizi za kisayansi ambacho hukutana mara moja moja, tukatazama na kubishana hadi usiku. Juzi nilitamka kwamba Blade Runner, ile ya Ridley Scott ya mwaka 1982, inatazamika kuliko inavyosimulika. Mji wake wenye mvua isiyokatika ni wa ajabu, lakini Deckard, mpelelezi anayewinda binadamu bandia, hana moyo ninaoweza kuufuata, upelelezi wenyewe ni mwepesi, na lile tukio la kumzuia Rachael, mwanamke ambaye naye ni binadamu bandia, mlangoni na kumshurutisha aombe kubusiwa linaitwa mapenzi ilhali mimi nililiona kuwa mabavu. Nikaongeza kwamba mwendelezo wake, Blade Runner 2049 ya Denis Villeneuve ya mwaka 2017, inaizidi, kwa sababu mhusika wake mkuu anatafuta jambo linalomhusu mwenyewe.

Mmoja akanijibu kwa neno moja tu: hukuielewa. Mwingine akaleta methali ya kipendacho roho hula nyama mbichi, akidhani amemaliza mjadala. Majibu hayo yananikera kwa namna tofauti. La kwanza linaifanya hukumu yangu kuwa upungufu wa akili. La pili linainyima uzito wowote, kana kwamba nimesema tu kuwa napenda chai yenye tangawizi. Naomba mnisaidie: mtu akitoa maoni yasiyopendwa kuhusu filamu, ladha yake inakoma wapi na hoja inaanzia wapi? Na ninyi, ni maoni gani mnayoogopa kuyatamka mbele ya wapenzi wenzenu?

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega

Ndugu, ujue kwanza kwamba maoni yako hayakuanza yakiwa ya wachache. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Juni 1982, siku moja na The Thing ya John Carpenter, wiki mbili baada ya E.T. ya Steven Spielberg. Watu walimiminika kwa yule kiumbe mpole wa Spielberg kutoka sayari nyingine, na zile mbili zikadorora. The Thing hasa ilishambuliwa vikali na wahakiki. Leo zote mbili huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za aina yake. Wengi wape, husemwa, lakini ni wengi wa mwaka gani?

Ninavyoona mimi, "sikuipenda" ni habari kukuhusu wewe, na hakuna awezaye kukupinga. "Upelelezi ni mwepesi" ni habari kuhusu filamu, nayo inaweza kukaguliwa: tukae, tuitazame tena, tuone ni dalili zipi Deckard anazipata kwa akili yake na zipi zinamwangukia tu. Wewe ulizitoa kauli za aina zote mbili kwa pumzi moja, na wenzako wakaijibu ile iliyo rahisi. Anayekuambia hukuelewa ana deni la kukuonyesha ulichokosa kukiona, na asipolilipa amekutukana tu.

Sasa maoni yangu. Watu hudhani mwalimu wa fizikia lazima aichukie Star Wars kwa kuwa vyombo vyake vinanguruma katika ombwe, mahali ambapo sauti haiwezi kusafiri. Siichukii hata chembe. Ile ni ngano na haijawahi kudai vinginevyo. Inayonishinda ni Gravity ya Alfonso Cuarón ya mwaka 2013. Ilisifiwa mno kwa uhalisia, na kweli ukimya wake unastahili sifa, lakini kisha inawatoa wanaanga kwenye darubini ya Hubble na kuwafikisha kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mtambo mdogo wa gesi ambao mmoja wao ameuvaa mgongoni. Hubble huizunguka dunia katika mzingo ulioinama takriban digrii 28.5 kutoka ikweta, na kituo kile digrii 51.6, tena wakati huo vimo vyao vilitofautiana kwa zaidi ya kilomita mia moja. Kuugeuza mzingo kiasi hicho kunadai badiliko la kasi la karibu kilomita tatu kwa sekunde hata mambo yakipangika vizuri, na mtambo wa mgongoni hauna uwezo huo.

Kwa upande mwingine, Interstellar ya Christopher Nolan ya mwaka 2014 huchekwa kwa sababu saa moja kwenye sayari yake ya maji ni sawa na miaka saba duniani. Hapo haina kosa. Kip Thorne, aliyekuwa mshauri wake wa sayansi na ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, alipiga hesabu na kuona kwamba jambo hilo linawezekana karibu na shimo jeusi linalojizungusha kwa kasi ya kupindukia. Nikisema hivi darasani, wanafunzi hunibishia kana kwamba nimewatukania mama.

Nyar Kisumo

Mwalimu, umegawa vizuri, ila umegawa kwa kisu kikali kupita kiasi. Mahali mtu anaposimama huathiri anachokiona, na huo si udhaifu wake. Black Panther ilipofika Kisumu mwezi Februari 2018, furaha ilikuwa kubwa, kwa kuwa Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, ni wa kwetu na baba yake ndiye aliyekuwa gavana. Kuisema vibaya filamu ile hapa ni kutafuta ugomvi na majirani. Basi acha niutafute: Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, isiyofika hata nusu saa, inaiwaza Afrika ya kesho kwa undani kuliko Wakanda nzima, ile nchi ya kubuniwa ya Black Panther.

Wakanda ina madini ya muujiza ambayo yalishatatua karibu kila tatizo kabla hadithi haijaanza. Pumzi haina mteremko huo. Baada ya vita vya maji, watu wamejifungia ndani ya jengo, wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe, wanazalisha umeme kwa nguvu za miili yao kwenye mashine za mazoezi, na hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapopata udongo unaoweza kuotesha mbegu, wakubwa wanamkatalia ruhusa ya kutoka nje.

Mtu wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, anayenunua maji kwa jerikani huku ziwa liko pale pale hahitaji kufafanuliwa filamu hiyo. Je, hiyo ni ladha yangu au ni hoja? Nasema maisha yangu ndiyo yaliyonielekeza pa kutazama, lakini nilichokiona kimo ndani ya filamu, na naweza kumwonyesha hata mtu ambaye hajawahi kukosa maji. Ina upungufu, sikatai: ni fupi mno, na ukimwondoa Asha hakuna anayepata nafasi ya kukua.

Mzee wa Kibanda, Bungoma

Ajabu ni kwamba hakuna aliyemwuliza ndugu wa Nakuru alitazama toleo gani. Lile la mwaka 1982 lina sauti ya Deckard akijisimulia. Toleo la mwaka 1992 liliiondoa, na la mwaka 2007 vilevile, na mashabiki wengi wakashangilia. Mimi nasema sauti ile ingebaki. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, ambako DJ Afro na wenzake husimulia kwa Kiswahili juu ya picha, wakitueleza shujaa anawaza nini na kumkejeli adui, hatukuona kamwe kwamba msimulizi anaharibu filamu. Ndugu analalamika kuwa Deckard hana moyo wa kuufuata. Moyo wenyewe ndio walioukata! Husemwa kwamba Harrison Ford aliyasoma maneno yale bila ari. Uchovu huo unamfaa sana mtu aliyechoshwa na kazi ya kuua.

Pahali pamoja tu ningemwomba anyamaze: Roy Batty, kiongozi wa binadamu bandia wanaowindwa, anapokufa mvuani baada ya kusema yake, kisha Deckard anaanza kutufafanulia. Hapo hata dijei wa kibandani angetulia.

Mtazamaji wa Nakuru

Shikamoo Mzee. Nilitazama lile la mwaka 2007, na sasa nitalitafuta la kwanza kwa sababu hiyo tu. Huenda sauti hiyo ikalijibu lalamiko langu kuhusu Deckard. Lile la Rachael haitaligusa, kwa kuwa tukio lenyewe limo katika matoleo yote. Kikundini wananiambia kwamba ubaya wake ulikusudiwa, kwamba Deckard bado hamhesabu kuwa mtu.

Nyar Kisumo

Waulize kuhusu muziki. Wakati ule ule Deckard anapombana, muziki wa Vangelis unaingia na saksofoni laini ya mahaba. Kama ubaya ulikusudiwa, nani alimwita mpiga saksofoni?